Xiangyang, 1273: Handaki la maji na manjaniki iliyolivuka

Kamanda Lü Wenhuan alikuwa na desturi ambayo wanahistoria wa Uchina waliiandika. Kila alipomaliza kukagua kuta za mji wake wa Xiangyang, aligeukia kusini, kule alikokaa mfalme wake na kule msaada ulikotazamiwa kutoka, akalia sana, ndipo akashuka. Chakula mjini kilikuwa bado kipo. Kilichokwisha ni chumvi, kuni na nguo. Watu walibomoa nyumba zao wapate kuni za kupikia. Noti za karatasi za serikali ya Song, nasaba iliyotawala kusini mwa Uchina, ambazo hazikuwa na cha kununua tena, walizishona zikawa vazi.

Jeshi la Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, lilikuwa limeuzingira mji huo tangu 1268. Lilijenga ngome kwenye njia zote, likatega mashua mtoni, likakaa. Miaka ikapita, mji haukuanguka. Kisha, mwanzoni mwa 1273, mambo yakabadilika ndani ya majuma machache: Fancheng, mji pacha wa ng'ambo ya mto, ukatekwa, na Xiangyang ukafungua malango. Katikati ya hayo wapo mafundi wawili Waislamu kutoka magharibi mwa Asia, Ala al-Din na Ismail, na mtambo wao wa kurushia mawe.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja: Wamongolia walileta mtambo mpya, ukavunja ukuta, mji ukatekwa. Sikubaliani nayo. Nikiweka pamoja umbali, uzito na yale yaliyoandikwa kuhusu siku hizo, naona manjaniki ya Ismail ilifanya kazi tofauti kabisa na kuvunja ukuta. Ilivusha uzito juu ya maji. Ulinzi mkuu wa Xiangyang ulikuwa maji, na siku yalipovukwa, watu waliokuwa nyuma yake hawakuwa na pengine pa kujificha.

Kwanza neno lenyewe. Waliokaa madrasa wanalifahamu neno manjaniki kutoka kisa cha Nabii Ibrahimu, pale Namrudi alipoamuru arushwe kwenye moto ambao hakuna aliyeweza kuusogelea kwa ukali wake. Ndilo neno la Kiarabu, manjaniq, na mafundi hawa wawili walitoka kwenye nchi zilizolitumia kila siku. Wachina waliiita silaha yao mpya *huihui pao*, yaani mtambo wa Waislamu.

Mji na mwenzake

Xiangyang uko kwenye kona ya mto Han, katika jimbo ambalo leo ni Hubei. Mto huo huteremka hadi Yangtze, na Yangtze ndio uliokuwa uti wa mgongo wa dola ya Song. Aliyeushika Xiangyang aliushika mlango wa kusini. Liu Zheng, jenerali wa Song aliyehamia upande wa Wamongolia, ndiye aliyemshauri Kublai aanzie hapo, naye alijua alichokuwa akikisema.

Ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, ulikuwepo Fancheng. Kati ya miji hiyo miwili palikuwa na daraja, magogo yaliyosimikwa mtoni na kuunganishwa kwa minyororo ya chuma. Askari na vyakula vilipita hapo. Ukiushambulia mmoja, wa pili unauletea watu.

Halafu kuna handaki, mtaro mpana wa maji uliochimbwa nje ya kuta. Handaki la Xiangyang bado lipo, na hadi leo lina upana wa wastani wa mita 180 hivi, na penye upana zaidi hufika 250. Maji ya upana huo humwacha mshambuliaji mahali ambapo mishale yake inafika imechoka na ngazi zake hazina maana. Kaskazini, mto Han wenyewe ndio uliokuwa handaki.

Wachina hawakuwa wageni wa mitambo ya kurushia mawe. Wao ndio waliokuwa nayo kabla ya karibu kila mtu, tangu karne kadhaa kabla ya Kristo. Lakini yao ilivutwa kwa mikono. Boriti ndefu imewekwa juu ya egemeo. Upande mrefu una kombeo lenye jiwe, upande mfupi una kamba nyingi, na kila kamba ina watu wake. Mkuu anatoa ishara, wote wanavuta kwa pamoja, jiwe linaruka. Kitabu cha kijeshi cha nasaba ya Song cha mwaka 1044 kinaeleza mtambo mkubwa kuliko yote wa aina hiyo: kamba 125, wavutaji 250, jiwe la jin 90 hadi 100 (kilo 55 hadi 60 hivi). Umbali wake? Hatua 50 za kipimo cha wakati huo, ambazo ni mita 75 au 80.

Weka namba hizo mbili pamoja: mita 80 kwa mtambo, mita 180 kwa maji. Watu 250 waliobanana mahali pamoja, wakiwa wanalengwa na mishale kutoka ukutani, wangevuta hadi jioni na mawe yao makubwa yote yangeishia majini. Hapo ndipo miaka yote ile ilipopotelea.

Kasha badala ya watu

Kamba zile 125 zilipoondolewa na mahali pake pakafungwa kasha lililojaa mawe au udongo, ulizaliwa mtambo mwingine. Maelezo ya mapema yenye mchoro yanatoka kwa mwandishi al-Tarsusi, aliyemwandikia sultani Salahuddin mnamo miaka ya 1180. Watu wanalipandisha kasha taratibu kwa kuushusha mkono mrefu chini, wanaufunga kwa kitanzi, wanaweka jiwe ndani ya kombeo lililolazwa kwenye mfereji chini ya mtambo. Kitanzi kikifyatuliwa, kasha linaanguka, mkono unapaa, na kombeo nalo linazunguka mwishoni mwa mkono kama mkono wa pili. Kwenye ncha kuna ndoano ya chuma. Kamba moja ya kombeo imefungwa kabisa, ya pili imevishwa tu kwenye ndoano kwa pete. Pete ikiteleza, kombeo linafunguka, jiwe linaondoka.

Niliuelewa mtambo huu siku nilipouunda uani, kwa ukubwa wa mtoto. Papi ya mita moja na nusu, bomba la maji la nusu inchi likiwa egemeo, limepita sentimita 30 kutoka mwisho mmoja. Upande mfupi nilining'iniza ndoo ya lita 5 iliyojaa mchanga. Kombeo nililishona kwa kipande cha kanga kuukuu, na ndoano ilikuwa msumari. Risasi zangu zilikuwa ndimu.

Ndimu ya kwanza ilikwenda juu moja kwa moja, ikaanguka karibu na miguu yangu. Msumari ulikuwa umenyooka mno, pete ikateleza mapema. Niliukunja kidogo kwa koleo, ndimu ikaenda mbele. Nikaukunja zaidi, ikachomoka chini chini ikapiga ardhi hatua tano mbele. Nyuzi (digrii) chache za mkunjo wa msumari zilikuwa tofauti yote kati ya silaha na mchezo. Nilipoupata mkunjo ule, ndimu kumi zilifuatana hatua thelathini mbele, na zote zingetosha juu ya mkeka mmoja.

Kisha nikaitoa ndoo, nikafunga kamba, nikawaomba watoto watatu wa jirani wavute kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Walicheka, walivuta kwa nguvu zao zote, na ndimu zikaangukia kila mahali: moja kwa jirani wa kushoto, moja juu ya bati, moja nyuma yetu. Hakuna kosa lao. Watu watatu hawawezi kuvuta mara mbili kwa namna ileile, sembuse watu 250. Ndoo ya mchanga haichoki, haichelewi, haishtuki mshale ukipita karibu. Inaanguka vilevile kila mara.

Hili la kurudia ndilo ambalo watu wengi hulipita wanapozisoma vita za zamani. Nchini Denmark, kwenye kituo cha mambo ya kale cha Nykøbing Falster, mwaka 1989 walijenga manjaniki ya kasha kwa ukubwa wake kamili. Kasha la tani 2 lilirusha jiwe la kilo 15 hadi mita 168, na mapigo yake yaliyofuatana yaliweza kuangukia ndani ya eneo la mita 6 kwa 6. Nchini Uingereza, ngome ya Warwick ilijengewa nyingine mwaka 2005, yenye kimo cha mita 18 na uzito wa tani 22. Watu waliingia ndani ya magurudumu makubwa ya mbao na kutembea humo ili kulipandisha kasha, kazi iliyochukua nusu saa hivi. Uskoti, kando ya ziwa Ness, mafundi seremala walikusanyika mwaka 1998 wakajenga mbili kwa ajili ya kipindi cha televisheni, wakajengewa na ukuta wa kupiga. Kwangu haya ndiyo matumizi yenye thamani kuliko yote ya manjaniki katika zama zetu: maandishi ya zamani yanatoa neno, mtambo uliojengwa upya unatoa kipimo. Bila huo tungeendelea kubishana kama waandishi wa zamani walitia chumvi.

Hesabu ya Ismail

Tuipime sasa ile ya Xiangyang. Historia rasmi ya nasaba ya Yuan, ile aliyoiasisi Kublai, inasema Ismail alitazama mahali, akauweka mtambo kwenye pembe ya kusini mashariki ya mji, na jiwe lake lilikuwa na uzito wa jin 150, takriban kilo 90. Inaongeza kwamba mtambo ulipofyatuliwa sauti ilitikisa mbingu na nchi, kila kilichopigwa kikavunjika, na jiwe lilizama ardhini chi 7, zaidi ya mita 2.

Jiwe la kilo 90 likirushwa kwa nyuzi 45 na kutua mita 200 mbele, tukiacha upinzani wa hewa, lazima liondoke kwa mwendo wa mita 44 kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya juli 88,000 hivi. Kasha la tani 5 likishuka mita 3 linatoa juli 147,000. Kwa hiyo hata asilimia 40 ya nishati ikiliwa na msuguano na uzito wa boriti yenyewe, jiwe linalivuka handaki na kutua ndani. Mtambo wenye kasha la tani kadhaa haukuwa ndoto. Mafundi wa nchi za Kiislamu na wa Ulaya walikuwa wakiijenga mitambo ya namna hiyo karne hiyohiyo.

Mafundi wenyewe walikuja kwa njia ya udugu. Kublai alituma ujumbe mwaka 1271 kwa Abaqa, mtoto wa ndugu yake Hülegü, aliyetawala Uajemi na Iraki, akimwomba mafundi wa manjaniki. Ala al-Din na Ismail walisafiri na familia zao kwa farasi wa posta za dola. Walipofika mji mkuu waliunda mtambo mbele ya lango, Kublai akaona unavyorusha, akawapa nguo na vitambaa. Wakapelekwa mtoni Han.

Marco Polo baadaye alidai kwamba baba yake, ami yake na yeye ndio waliomshauri Kublai na kusimamia ujenzi. Haiwezekani. Akina Polo walifika kwa Kublai mnamo 1275, na mji ulikuwa umesalimu amri miaka miwili kabla. Inasikitisha kwamba kwa muda mrefu jina lake limejulikana kuliko la Ismail, wakati majina ya mafundi yaliandikwa waziwazi na Wachina wenyewe, pamoja na wasifu wa kila mmoja.

Miezi ya mwisho

Mwaka 1272, kabla mitambo haijafika, Song ilijaribu kwa mara ya mwisho. Watu 3,000 wa kujitolea wakiongozwa na Zhang Shun na Zhang Gui waliteremka na mashua 100 zilizosheheni chumvi na nguo, wakakata minyororo usiku, wakapenya. Furaha mjini ilikuwa kubwa. Zhang Shun hakuonekana. Baada ya siku kadhaa mwili wake uliibuka mtoni, bado umevaa deraya na upinde mkononi. Zhang Gui naye alikamatwa na kuuawa alipojaribu kutoka tena.

Wamongolia walianza na Fancheng. Walilikata na kulichoma daraja, ndugu wakatenganishwa, na mitambo ikaelekezwa upande mmoja huku askari wakishambulia. Mji ulitekwa mapema mwaka 1273 na watu wake wakachinjwa. Hapa ninakubali: mtambo ulisaidia shambulio la moja kwa moja. Lakini bila kulikata daraja kwanza, Fancheng ungepata watu wa kuziba kila pengo. Mtambo peke yake haukuuangusha.

Kisha mitambo ikahamishiwa Xiangyang. Jiwe liliupiga mnara wa ulinzi juu ya ukuta. Walioandika wanasema mlio ulikuwa kama radi, mji mzima ukataharuki, na makamanda kadhaa wakashuka ukutani kwenda kujisalimisha. Soma tena: mnara, mlio, taharuki, kujisalimisha. Maelezo hayo hayataji pengo ukutani wala askari waliolivuka handaki. Uzito wa mtu mzima na nusu ulitua mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hapakuwahi kutua kitu, na kila mtu alielewa kwamba lingefuata jingine, palepale. Hapo lile la kurudia linaingia. Jiwe moja la bahati linaogofya kwa siku moja. Jiwe linalorudi sehemu ileile baada ya kila nusu saa linamfanya mtu ahesabu paa la nani litafuata.

Liu Zheng alitaka mji usagwe wote. Alikuwa na kisasi na Lü. Jenerali mwenzake, Ariq Qaya, alikataa. Alikwenda mwenyewe hadi chini ya ukuta akaongea na Lü Wenhuan ana kwa ana. Alimwambia kwamba ameushika mji bila msaada kwa miaka mingi, sasa hata ndege hawezi kupita, na kwamba Kublai anauheshimu uaminifu wake; akisalimu amri atalipwa cheo na hatauawa. Lü alisita, hakuamini. Ariq Qaya akatoa mshale, akauvunja mbele yake kuwa kiapo. Lü alitoka.

Fancheng ulikuwa umechinjwa majuma machache nyuma. Kwa hiyo mtu akiniuliza nini kiliuangusha Xiangyang, nitaanza na njaa ya chumvi na kuni, nifuate na daraja lililochomwa, nije kwenye manjaniki, nimalizie na mshale uliovunjwa. Manjaniki ilikuja wakati mwafaka, ikaondoa tegemeo la mwisho. Ingefika 1268, mji ukiwa umeshiba na daraja limesimama, nadhani Lü angejenga upya mnara wake na kuendelea.

Kuvusha, hadi leo

Ukiitazama manjaniki kama chombo cha kuvusha, matumizi yake ya leo yanaeleweka vizuri zaidi. Mwezi Juni 2024 askari wa Israeli walionekana kwenye mpaka wa Lebanon wakitumia manjaniki kurusha mabonge ya moto juu ya ukuta wa mpaka ili kuchoma vichaka vya upande wa pili. Walikuwa na ndege na mizinga. Walichotaka ni kuvusha moto mita chache kwa gharama ndogo. Februari 2017, karibu na mji wa Douglas, Arizona, askari wa mpakani wa Marekani waliukuta mtambo wa springi umefungwa kwenye uzio, wa kurushia bangi kutoka Mexico. Hata huko Delaware, ambako watu walianza mashindano ya kurusha maboga mwaka 1986, hakuna kilichobomolewa. Kilichopimwa kilikuwa umbali tu.

Walioelewa hili mapema kuliko wote ni wenyewe Song. Baada ya Xiangyang kuanguka, miji yao ya mpakani iliamriwa kuunda mitambo kama ile ya Waislamu, na walifanikiwa. Walibuni pia kinga. Walisokota kamba nene za majani ya mpunga, wakazining'iniza kutoka kwenye mapaa hadi chini, wakazipaka udongo mzito ili zisishike moto, jiwe likipiga lizame humo. Na walichokivika kamba hizo kilikuwa minara na majengo, vile vitu vilivyokuwa salama zamani kwa sababu tu vilikuwa mbali.

Ismail alifariki 1274, na mwanawe akashika kazi yake. Lü Wenhuan aliingia katika utumishi wa Kublai, akatembea mbele ya jeshi kuteremka Yangtze, akizungumza na makamanda wa ngome moja baada ya nyingine, wengi wao wakiwa ndugu zake au watu waliowahi kuwa chini ya ukoo wake. Wengi walifungua malango.